Mgeni Kifuani mwa Aba

Komeo la mlango lilikwaruza mara moja, likanyamaza. Darmi alifumbua macho gizani, akatega sikio. Mkono wa mwanawe Ifrah ulikuwa umemlalia shingoni, mzito kwa usingizi. Komeo likakwaruza tena, polepole, kama linavyokwaruza likivutwa na mtu asiyetaka kusikika.

"Aba," aliita kwa sauti ya chini. Ndivyo alivyomwita baba yake tangu utotoni, kwa Kiorma chao.

"Lala, mwanangu. Naangalia hewa tu."

"Hewa gani hiyo inayoangaliwa fimbo mkononi?"

Darmi akauondoa mkono wa mtoto taratibu, akajifunga leso, akatoka chumbani. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Alimkuta baba yake, mzee Sora, amesimama mlangoni, makubadhi miguuni, shuka begani, fimbo imelazwa mabegani na mikono miwili imening'inia juu yake, kama mtu aliyekwisha fika aendako. Alikuwa ananusa upande wa mto.

"Upepo umegeuka," alisema. "Leo watashuka malka mapema. Liban asipoamka, Dalati atajishusha mwenyewe."

Malka ni ile njia ya ng'ombe kushukia mtoni, inayopita katikati ya mashamba ya watu. Dalati alikuwa ng'ombe wa kijivu. Liban alikuwa mdogo wake Darmi, na ndiye aliyebaki na kundi tangu siku alipomkuta baba yao ameketi njiani juani, jasho linamtiririka, salamu anaisikia na kuijibu hawezi. Mzee alisema ni vumbi. Liban alimpakia kwenye pikipiki, akamleta Garsen kwa dada yake, akamwambia, "Huyu mimi simwezi. Mfunge wewe."

"Leo ni siku ya mashine," Darmi alimkumbusha. "Uliahidi."

"Nimeahidi. Na wewe umeahidi."

"Ikisema u mzima, nitakusindikiza mwenyewe mpaka kwa ng'ombe."

"Basi," mzee alisema, akaegesha fimbo ukutani. Lakini hakurudi ndani. Alibaki pale pale akinusa, na Darmi akabaki nyuma yake akimtazama mgongo.

Mgongo ndio aliouzoea. Utoto wake wote aliumaliza kumngoja mtu huyu. Marehemu mama yake, Kadra, alikuwa akimwekea mume wake maziwa kwenye kibuyu kila jioni ya masika, hata zile jioni ambazo kila mtu alijua hatakuja. Kila mwaka alikuja na mvua, akalala siku chache, watoto wakaanza kumzoea harufu, halafu asubuhi moja ukaonekana ule mgongo na fimbo yake, unakwenda. Sauti yake Darmi aliijua vipandevipande. Alipoolewa na Abdiaziz, fundi wa magari, alidhani kungoja kumekwisha. Abdiaziz akapata kazi ya gereji huko Madogo, akawa mume wa simu. Wakati mwingine Darmi alijiuliza kama aliandikiwa kupenda watu wa mbali.

Sasa baba yake alikuwa nyumbani kwake, chini ya bati lake, anakula chakula cha mkono wake. Na kila siku, kabla jua halijatoka, alikuwa mlangoni.

*

Zahanati ilikuwa karibu na soko. Mganga wao, Janet, alikuwa Mpokomo mwenye maneno machache na mikono ya haraka. Alikwisha mlaza mzee Sora kitandani wiki iliyotangulia, akampima moyo kwa mashine kubwa, karatasi ikatoka na vilima vidogo vilivyopangana vizuri. Mapigo mazuri. Mwingine angempa dawa ya tumbo akamwachia aende. Janet alimuuliza, "Kifua kinabana ukiwa wapi, mzee?"

"Nikitembea na ng'ombe."

"Na ukikaa?"

"Nikikaa, mimi mzima."

Ndiyo maana leo alikuwa ameshika kimashine kidogo, ukubwa wa simu za zamani za vitufe, kina nyaya zinazoning'inia.

"Nitakunyoa kidogo kwanza," Janet alisema.

"Ndevu?"

"Kifua."

"Kifua changu kimemkosea nani?"

Janet alicheka, akanyoa, akabandika vile vibandiko kimoja kimoja, akaunganisha nyaya, akamvika mzee mashine shingoni kwa utepe. "Hii utakuwa nayo mchana na usiku. Kila pigo la moyo inalihifadhi. Moyo ukikosa damu ya kutosha, ule mstari unashuka chini, nami kesho nitauona. Ukisikia kubanwa, bonyeza kitufe hiki. Usiiloweshe. Zaidi ya hapo, ishi kama kawaida yako."

"Udhu?"

"Tia udhu. Kuoga ndiyo mpaka kesho."

Mzee aliishika ile mashine kwa vidole viwili. "Ni ya nani?"

"Ya timu ya moyo ya Malindi. Wametuazima mbili tu. Keshokutwa asubuhi wanazipitia."

"Ya kuazima," Sora alirudia, na uso wake ukabadilika. Darmi aliuona ukibadilika, na hakuelewa mpaka walipokuwa njiani, baba yake anatembea kama aliyebeba yai mdomoni.

"Aba, unaumwa?"

"Hukusikia? Ni amana ya watu."

Hapo Darmi akaelewa, kwa sababu na yeye alilelewa hivyo. Kwao, mtu akikuachia ng'ombe wake umtunze, huyo si ng'ombe tena, ni mgeni. Humpeleki malisho ya mbali pamoja na wako. Unamweka karibu na boma pamoja na ndama, unamkatia majani ya karibu, wako wakonde yeye anenepe, ili siku mwenyewe akija asikute hata mkwaruzo. Sora aliwahi kukaa na ng'ombe wa mtu msimu mzima bila kumvusha hata mto mmoja, na sifa hiyo ilimfuata mpaka leo.

"Kitu cha mtu hakipelekwi malka," alisema, na Darmi, ambaye alikuwa amejitayarisha kumwomba asiende popote, alishukuru kimoyomoyo.

Alimtandikia mkeka sebuleni, akamwekea mito miwili. Aliwaomba majirani wapunguze redio. Mzee akaketi, mashine imelala kifuani, na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda wala cha kufanya, alianza kumsimulia Ifrah habari za ng'ombe.

"Dalati hunywa maji macho kafumba. Gurati, yule mweusi, ni mwizi. Mahindi ya watu anayajua kwa majina. Ana ndama jike, bado hajaitwa jina."

"Kwa nini?"

"Hajafanya jambo."

"Wanakujua, Babu?"

"Wananijua kwa kikohozi. Nikikohoa hivi," akakohoa, "Dalati huinua kichwa. Akikohoa Liban, hainui. Anamdharau."

Ifrah alicheka mpaka akajiangusha mkekani. Akajaribu kukohoa kama babu yake. Darmi alikuwa mlangoni anakanda unga wa chapati, na alikanda unga ule kupita kiasi, kwa kuwa hakutaka kuondoka pale. Sauti ilikuwa inatoka nzima, haina vipande, adhuhuri hadi alasiri. Alijifunza siku hiyo kwamba baba yake hucheka puani. Alijifunza kwamba baba alimpenda mama kwa sababu mama aliwahi kumcheka kilemba chake. Mtu anaishi miaka yote hiyo, ana mtoto wake mwenyewe, halafu ndiyo kwanza anaambiwa hayo. Jua lilipoanza kuinama, Darmi alitamani kulishika upindo.

*

"Hapa," Janet alisema kesho yake, akigeuza kompyuta upande wao, "naona mtu aliyelala."

Mistari ilikuwa imetulia tuli, toka mwanzo hadi mwisho.

"Ni vizuri?" Darmi aliuliza.

"Mzee alifanya nini jana?"

"Hakuinua hata kikombe," Darmi alijibu, kwa fahari kidogo. "Nilimnywesha chai pale pale mkekani."

Janet alijifunika mdomo kwa kiganja. Alipokiondoa hakuwa anacheka sana. "Mama Ifrah, nilisema kama kawaida yake."

"Ni kitu cha watu, daktari," Sora alisema. "Mimi siwezi kuchosha kitu cha watu."

"Mashine haikuletwa kupumzika, mzee. Imeletwa kufanya kazi."

"Imefanya. Imesema mimi mzima." Aligeuka kwa binti yake. "Na wewe una ahadi."

"Haijasema," Janet alisema. "Hukuipa cha kusema." Alivuta kiti akaketi mbele ya mzee, magoti kwa magoti. "Sikiliza. Kwetu tunalima. Mfereji ukijaa mchanga, maji bado yanapita, kidogo. Asubuhi kuna baridi, mahindi hayana kiu, yale kidogo yanatosha, nawe unasema mfereji ni mzima. Jua likishika, mahindi yanataka maji mengi. Hapo ndipo utajua. Mishipa inayolisha moyo iko hivyo. Ukikaa, damu kidogo inatosha. Ukipanda ukingo nyuma ya ng'ombe, haitoshi. Nataka kukuona ukipanda ukingo."

"Kama kisima," Sora alisema. "Ng'ombe wawili hawakiaibishi kisima. Lete kundi."

"Lete kundi," Janet aliitikia. "Leo. Kesho asubuhi gari la Malindi linaondoka na mashine. Nikiwa na picha, nitampigia daktari wa moyo na watampokea. Bila picha nitasema nini? Kwamba kuna mzee anabanwa kifua na vumbi?"

Alimbandika vibandiko vipya. Kisha akamvuta Darmi pembeni, akampa vidonge vidogo. "Asifanye zaidi ya anayofanya siku zote. Asiwe peke yake. Kikimbana, akae chini, kimoja chini ya ulimi, na mnipigie hapo hapo. Na umwache abonyeze mwenyewe, ili nijue alisikia nini na wakati gani."

"Hatabonyeza," Darmi alisema. "Humjui. Huyu hajawahi kusema naumwa."

Naye mzee, ambaye masikio yake yalikuwa mazima hata kama kifua hakikuwa, alisema kutoka kitandani, "Mbele ya Liban, sibonyezi."

*

Pikipiki iliwashusha wote watatu upande wa daraja la Idsowe, kwa maana Ifrah hakuwa na wa kuachiwa, na pia alikataa kuachwa. Wakaifuata njia ya vumbi kati ya mashamba. Darmi alijiona kama anamrudisha mwenyewe mtu kule alikochukuliwa na maji.

Liban aliwaona kwa mbali, akaja, simu inapiga muziki mfukoni. Alitazama nyaya zilizochungulia kwenye shati. "Aba, wamekugeuza redio?"

"Ndiyo."

"Inashika stesheni gani?"

"Malindi. Wakipenda."

Kisha mzee akakohoa, na kule mbele, katikati ya migongo na pembe na vumbi, kichwa kimoja cha kijivu kikainuka. Ifrah akamvuta mama yake leso, lakini Darmi alikuwa hamwangalii ng'ombe. Alikuwa anamwangalia baba yake akiingia kundini. Alimgusa huyu nundu, yule akamshika sikio, mwingine akamtukana kwa mapenzi, na kila hatua mgongo ule ulikuwa unanyooka. Hakuwa amemwona hivi hata jana, mkekani, kati ya vicheko. Kumbe jana alikuwa anasimulia tu. Hapa ndipo alipokuwa anaishi. Uchungu ulimpanda Darmi, na hakujua kama ni wivu au huruma.

Walishuka malka. Sora alitembea kwa mwendo wake wa siku zote, nao ulikuwa mwendo wa haraka kuliko Darmi alivyokumbuka. Darmi alijikuta anaombea jambo asilolitaka: kifua kiseme, kiseme leo, mashine iko, dawa iko. Na papo hapo anaomba kinyamaze.

Ng'ombe walikunywa. Walipoanza kupanda ukingo, ndama wa Gurati alichepuka, akaingia kwenye mahindi.

"Sora," aliita mwenye shamba, Pekeshe, mzee wa Kipokomo aliyekuwa ameegemea jembe. "Mgeni wako ameanza kula kabla ya kukaribishwa."

"Mwache, Aba, nakwenda mimi," Liban alisema.

Lakini Sora alikwisha kata njia. Ndama wako akiingia shamba la mtu, hutumi kijana. Unakwenda mwenyewe, mbio, mwenye shamba akuone unakimbia. Maneno mangapi yamekuwa makubwa mtoni hapo kwa sababu mtu alitembea badala ya kukimbia. Alipanda ukingo, akamzunguka ndama, akampiga kofi la matako, akamrudisha njiani. Pekeshe akacheka. "Ameonja mabua mawili tu. Nitamdai akikua."

Sora alikuwa tayari amesimama ubavuni mwa Dalati, mkono juu ya nundu, anamtazama sikio kwa makini, kama anayetafuta kupe.

Darmi alijua pozi lile. Aliliona mwaka jana, mzee alipokuja kumjulia hali, pale nje ya soko la mifugo: alisimama hivyo hivyo kwenye ng'ombe wa mtu asiyemjua. Aliliona pia siku ya maziko ya shangazi yao, ameshika shina la mti, analikagua gome. Nyumbani walimcheka, wakisema mzee siku hizi anachunguza kila kitu. Hakukuwa na kupe. Hapakuwahi kuwa na kupe.

Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Darmi alipiga hatua mbili, akakumbuka maneno ya Janet, akasimama, akauma leso. Liban alikuwa anatazama. Pekeshe alikuwa anatazama, na kicheko kimemwisha. Mkono wa mzee ulitoka kwenye nundu taratibu, ukapita chini ya shati, ukatafuta, ukapata. Kidole gumba kikabonyeza.

Ndipo Darmi alipokimbia. Walimketisha, akamwekea kidonge chini ya ulimi, akampigia Janet. Pekeshe alileta kigoda chake na maji ya kunywa, akasimama upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie mzee. "Kaa shambani mwangu mpaka uchoke," alimwambia. "Hiyo ndiyo fidia ya mabua."

Kifua kililegea kidogo kidogo. Liban alikuwa amezima muziki, amechuchumaa, hana mzaha wowote.

"Sijawahi kumwambia mtu," Sora alisema hatimaye. "Hata mama yako."

"Si umeniambia mimi," Darmi alisema.

"Nimeiambia mashine. Wewe umesikia kwa jirani."

*

Jioni ile Janet aliwaonyesha. Palikuwa na alama ndogo pale kitufe kilipobonyezwa, na pale pale mstari ulikuwa umelala chini ya kiwango chake, kama kamba ya nguo iliyoanikwa blanketi mbichi. Akasogeza nyuma kidogo: ulikuwa umeinama tena, wakati wa kushuka mtoni, ambapo mzee hakubonyeza chochote.

"Hapo sikusikia kitu," alisema Sora.

"Najua. Moyo ulikuwa na njaa, haukukuambia."

Mzee aliusogelea mstari. Alitaka kujua hapo alikuwa karibu na ng'ombe gani. Halafu akauliza alichokuja kuuliza: "Wakizibua huo mfereji, nitarudi?"

"Malindi wataangalia mishipa. Pengine ni dawa, pengine watapitisha mrija mdogo wapanue palipobana. Wengi hutembea vizuri baadaye." Janet alizima kompyuta. "Kuhusu kundi, siwezi kukuapia. Ila naomba urudi. Yule ndama anadaiwa."

Usiku Darmi alimpigia Abdiaziz, akamweleza yote, naye akaomba ruhusa ya kuwafuata Malindi. Alikunja nguo za baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu mzee aje, hakuwa anaomba abaki. Alitaka apone aondoke. Alitaka auone tena ule mgongo ukienda, umenyooka, hausimami kukagua sikio la ng'ombe yeyote. Hilo lilimliza kidogo, si sana.

Asubuhi basi la Malindi lilichelewa. Waliketi kwenye benchi la duka, mzee katikati, fimbo kati ya magoti kwa kuwa alikataa kuiacha. Vibandiko vilikuwa vimetolewa. Kabla ya mtu mwingine kusikia kitu, yeye alisikia: kengele za mbao, kwato, mluzi wa mchungaji. Kundi lilikuwa linavushwa barabara kwenda sokoni, na vumbi lake likawa linakuja mbele yake.

Sora alisimama. Akapiga hatua, ya pili, shingo ameinyoosha. Akakohoa. Darmi hakumshika. Aligundua kwamba na yeye amesimama, anatafuta vumbini kichwa chochote kitakachoinuka.

Hakuna kilichoinuka. Mzee aliweka kiganja kifuani, akangoja kidogo, akarudi benchini mwenyewe, bila kukagua kitu chochote njiani.

Ifrah akamshika mkono.

"Babu, hao si ng'ombe wako."